Kona Tatu Bila Honi

Mimi ni msusi. Miaka kumi na tisa nimesimama nyuma ya watu, na kama kuna kitu nimejifunza ni kwamba uso unaweza kudanganya ukitaka, lakini kisogo hakijui kudanganya. Mteja anakuambia nyumbani wote wazima, kumbe shingo imekakamaa kama ubao. Kwa hiyo Shangazi aliponipangia kiti cha nyuma katika safari ya magari ya zamani, sikununa. Wengine waliona milima na mashamba. Mimi kwa siku tano niliona visogo viwili, na yote yaliyotokea niliyasoma humo.

Kisogo cha kulia kilikuwa cha Shangazi mwenyewe, dada mkubwa wa baba yangu. Miaka thelathini na moja aliendesha lori la mkate. Wanawake wenzake walipokuwa wakiambiwa usukani si kazi yao, yeye alikuwa amekwisha kufika, ameshusha kreti, amegombana na muuza duka na yuko njiani kurudi. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ameoa kwa zamu: wiki moja ya mke, wiki mbili za lori. Mjini kote anaitwa Mama Lori, na ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake hageuki, anadhani unamwita mtu mwingine.

Ana tabia moja ambayo haijawahi kumtoka. Kila kona anapiga honi. Si kona ya hatari tu; kona yoyote. Anazunguka nyumba yake mwenyewe kuelekea banda la gari, anapiga honi, wakati upande wa pili hakuna kitu ila kamba ya nguo na kuku wawili ambao wamezoea. Anabonyeza kwa dole gumba la mkono wa kulia, mara mbili, fupi fupi. Sisi tuliolelewa nyumbani kwake tukisikia honi hiyo hata sokoni tunanyoosha mgongo.

Gari lake tunaliita Bi Mkubwa. Amenizidi umri kwa miaka kumi na miwili, rangi yake ya maziwa, gia yake iko pale pale kwenye usukani, na kiti cha mbele ni kimoja kirefu kama kochi. Shangazi alimnunua kwa daktari wa meno aliyekuwa anapoteza macho, na tangu siku ile hakuna mtu mwingine aliyemwendesha. Hakuna. Baba yangu aliwahi kumsogeza hatua tatu ili lori la mchanga lipite, na mpaka leo wakikosana katika jambo lolote, liwe la shamba au la harusi, Shangazi humkumbusha hatua zile tatu.

Bi Mkubwa ana maringo asubuhi. Stata yake ikiwa baridi haisikii la mwadhini wala la mteka maji, sharti awashwe kwa hendeli: chuma kilichopindwa ambacho unakichomeka mbele, chini ya rejeta, halafu unakizungusha kwa nguvu. Sasa hendeli ina sheria moja, na Shangazi ameihubiri tangu nikiwa na meno ya maziwa. Dole gumba halizunguki chuma. Linakaa upande mmoja na vidole vingine, vyote vitano vimelala pamoja, kwa sababu injini ikiwaka vibaya hurudisha chuma kwa teke, na dole lililoshika upande wa pili litakwenda nalo. Jirani yetu mmoja alisahau, na Shangazi alimpeleka hospitali huku akimhutubia njia nzima.

Kisogo cha kushoto kilikuwa cha Baba mdogo, kitinda mimba wa nyumba ya babu yangu. Shangazi humwita Kitinda, ingawa ana miaka arobaini na moja na mvi zimeanza kumchungulia masikioni. Alikuwa dereva jeshini, wa lori la maji. Miaka minne iliyopita lori lile lilikanyaga kitu kilichofukiwa barabarani, na akarudi bila mguu wa kushoto kuanzia chini ya goti. Walimpa mguu wa bandia wa haraka haraka, ule wa saizi ya karibu karibu. Tangu hapo anaishi chumba cha uani kwa Shangazi, anatengeneza feni na pasi barazani, anacheka na kila mtu, na haendi popote.

Tulijua kwamba mguu ule unamuumiza. Yeye alisema haumuumizi. Paja la mtu aliyekatwa hupungua na kipande cha chini hunywea, basi mguu unaanza kupwaya, na wenye mguu wa namna hiyo huvaa soksi juu ya soksi kuujaza. Nguo za nyumba nzima hufuliwa kwa Shangazi, na Shangazi hajui hesabu ya feni wala pasi lakini anajua soksi ngapi za mguu mmoja zinaanikwa kila Jumamosi.

Basi chama cha magari ya zamani kikatangaza safari. Magari kumi na mawili, siku tano, mji kwa mji, kuchangia askari waliojeruhiwa wapate miguu na mikono inayowatosha. Mji wa mwisho ulikuwa na hospitali yenye karakana ya mafundi wa viungo, na mafundi wenyewe wangekuwa wakitusubiri getini na fomu za kuorodhesha wanaohitaji kupimwa. Kila gari lilitafuta watu wa kuahidi mchango kwa kila kilomita, na sharti lilikuwa moja: gari lifike kwa moto wake lenyewe. Likivutwa kwa kamba, hata hatua kumi, ahadi zake zote zimekufa.

Shangazi alijiandikisha siku ile ile. Watu aliwaambia anakwenda kunyoosha miguu ya Bi Mkubwa. Mimi aliniambia ukweli saluni, kichwa chake kikiwa ndani ya beseni na macho ameyafumba kwa ajili ya povu.

"Nataka Kitinda aandikwe kwenye ile orodha," akasema. "Apimwe kama watu. Nimechoka kuanika soksi."

"Amekubali?"

"Nimemwambia orodha, akasema wapewe wasio na mguu kabisa, yeye anao. Akasema yeye si wa kuombewa kwa kipaza sauti. Basi nimemwomba aje kama fundi wa njiani. Hilo kakubali. Hakuna kumsimamisha mbele ya watu, hakuna orodha."

"Sasa Shangazi, unakwenda kufanya nini?"

"Suuza nywele," akasema.

Siku mbili za kwanza zilikwenda kama siagi juu ya mkate wa moto. Tulikuwa gari la nne katika msafara. Mbele yetu alikuwa Mwenyekiti wa chama, mfamasia mstaafu mwenye kigari chekundu na viatu anavyovipangusa kila tukisimama. Mimi nilikuwa mlinzi wa chupa ya chai na mshika ramani, ramani ambayo hakuna aliyeniuliza. Shangazi alipiga honi kila kona. Kwenye milima ilikuwa marufuku kuzungumza, kwa sababu eti Bi Mkubwa akisikia porojo anavunjika moyo. Nilijaribu kupiga chafya tu, nikatazamwa kwenye kioo.

Kila mji tuliposimama, watu walikuja kuangalia magari, na mshereheshaji akashika kipaza sauti. Akishamaliza kutaja magari husema, "Na sasa tuwaone majeruhi wetu, jitokezeni tuwape makofi." Walijitokeza wawili watatu kutoka magari mengine. Na kila mara, ghafla, kabureta ya Bi Mkubwa ilihitaji kuangaliwa. Baba mdogo alifungua boneti na kuzama humo kichwa na mabega mpaka makofi yaishe. Miji minne, kabureta mara nne. Kabureta ile ilisafishwa hadi ikang'aa kuliko vijiko vyangu vya wageni.

Shangazi alisimama kando, mikono kiunoni, akimtazama mgongo. Ile ndiyo ilikuwa huzuni yake yote ya safari, na niseme wazi, ilinikera na kunihuzunisha pamoja. Ungependa umtikise mtu, kisha umkumbatie, na huwezi kufanya lolote kwa sababu ni baba yako mdogo.

Asubuhi ya siku ya tatu tulikuwa kwenye ua wa nyumba ya wageni. Injini zilikuwa zinaamka moja moja. Mwenyekiti naye alikuwa na hendeli yake mkononi, ameishika ovyo, na Shangazi akamwona.

"Mwenyekiti, dole," akamwambia. "Dole gumba upande huu. Hivi. Niangalie mimi."

Akachomeka chuma chake kwa Bi Mkubwa, akageuza uso kumhakikishia kwamba anaangaliwa, akazungusha. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa unafundisha, mkono ukajiendea. Niliona dole lake limezunguka chuma. Kabla sijafungua kinywa, injini ikakohoa, chuma kikarudi kwa teke. Kisha injini ikawaka vizuri kabisa, kama haijafanya lolote.

Shangazi hakupiga kelele. Alisimama akitazama mbele kama mtu anayekumbuka kama amefunga mlango. "Umeona?" akamwambia Mwenyekiti, sauti yake imepanda kidogo. "Namna hiyo." Mwenyekiti akamshukuru. Baba mdogo alikuwa upande wa pili anafunga mizigo, hakuona.

Shangazi akaenda kwenye begi lake akatoa glavu za ngozi, zile za enzi za lori la mkate, akazivaa. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma.

"Shangazi, onyesha mkono," nikamnong'oneza.

"Panda gari."

"Nimeona."

"Basi umeona. Ukisema, utashuka na vitana vyako hapa hapa."

Nilipanda. Sijivunii. Lakini ninyi hamjawahi kutazamwa na Shangazi yangu.

Tukatoka mjini. Kisogo chake, ambacho kwa kawaida huyumba yumba kama cha mtu anayesikiliza muziki, kilikuwa kimesimama wima. Jasho lilimtoka chini ya kilemba na kuteremka taratibu hadi kwenye ukosi. Usukani aliukumbatia kwa kiganja, na alipokata kulia alisaidia kwa kiwiko. Baba mdogo alikuwa anamenya chungwa na kusimulia habari za pasi iliyoletwa kwake ikiwa na mende ndani.

Ikaja kona ya kwanza. Kimya.

Ikaja ya pili, ile ya kuzunguka mwamba, ambayo hata mimi ningepiga honi. Kimya. Baba mdogo akanyamaza na pasi yake.

Kona ya tatu ikapita.

"Dada, honi imekufa?" akauliza.

"Haijafa."

"Basi piga."

"Sina sababu ya kupiga."

"Umepiga honi kwenye mazishi ya mumeo, getini, hakuna mtu. Piga honi, Dada."

Shangazi akanyanyua mkono wa kulia kidogo, ukashuka wenyewe. Baba mdogo akaweka chungwa lake juu ya dashibodi, akasema kwa upole, sauti ambayo sijawahi kuisikia, "Simamisha gari. Usizime."

Akasimamisha chini ya kivuli cha ukuta wa ghala. Ile glavu ilivuliwa kwa muda mrefu kuliko ninavyotoa wigi la bibi harusi. Dole lilikuwa limekuwa nene kama ndizi, jeusi upande wa chini, na limeangalia kusikotakiwa.

"Kwa hendeli," akasema Baba mdogo. Halikuwa swali.

"Usicheke."

"Sicheki."

Alikuwa anacheka. Mabega yalimtikisika, machozi yakamtoka, na Shangazi naye huku ameuma midomo kwa maumivu akaanza kutikisika, hadi nikafikiri wote wawili wameugua. Walipotulia, Baba mdogo akamfunga dole kwa kitambaa na vitana vyangu viwili kwa ajili ya kulinyoosha. Vile vitana nilivinunua ghali.

"Umeendesha tangu asubuhi hivi," akasema.

"Wewe umetembea miaka minne hivi," akajibu Shangazi. "Leo soksi ngapi?"

Baba mdogo akaokota chungwa lake kwenye dashibodi.

"Nimeuliza, Kitinda. Ngapi?"

"Nne."

"Jana?"

"Tatu." Akatazama nje. "Kuna kidonda. Si kikubwa."

Sasa hapo mbele walikuwa wamekaa waongo wawili, ndugu wa tumbo moja, kila mmoja ameficha kiungo chake. Nikaona ni zamu yangu kusaidia. Nikasema leseni ninayo, naweza kuendesha. Wakageuka wote wawili kwa pamoja.

"Wewe umejifunza kwenye gari linalojibadilishia gia lenyewe," akasema Shangazi. "Hiyo si leseni, ni tiketi." Akarudi kumtazama mdogo wake. "Ataendesha Kitinda."

Baba mdogo akapeleka mkono kwenye goti la kushoto. "Klachi siisikii," akasema. "Mguu unakanyaga, ndiyo, lakini hauniambii kitu. Sijui imeshika wapi. Siku ile niliyokaa kwenye usukani uani, uliona. Ulikuja ukachukua ufunguo."

"Nilichukua."

"Gari lako. Sikulaumu."

"Si kwa sababu ya gari." Shangazi akalitazama dole lake lililofungwa vitana. "Niliogopa. Mimi ndiye niliyekupeleka kambini kwa gari hili hili, una miaka ishirini, umekaa hapo hapo ulipokaa, unaimba. Uliporudi nikaona ukijaribu mbele yangu ukashindwa, hutajaribu tena maisha. Nikaona afadhali nikukataze mimi, unichukie mimi."

Baba mdogo alifikiri. "Ungeniacha nishindwe," akasema.

"Ndiyo," akasema Shangazi. "Ningekuacha."

Nilijifanya natafuta kitu kwenye kapu la chai, kwa sababu nilikuwa nalia na sikupenda niulizwe. Nilipoinuka walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye mapatano. Shangazi hajawahi kutoa kitu bila mapatano. Angekuwa hai hadi leo yule muuza duka wake wa mkate angewaambia.

"Nakupa usukani," akasema, "na wewe unaandikwa kwenye orodha."

"Aha. Ndiyo maana tuko hapa."

"Ndiyo maana tuko hapa. Ukitufikisha kwa moto wake Bi Mkubwa, unatoa jina lako."

"Na nisipowafikisha?"

"Utaandikwa vilevile."

"Dada, hayo si mapatano."

"Panda upande huu," akasema Shangazi, "kabla magari hayajatuacha."

Wakabadilishana. Nilimwona Shangazi akizunguka mbele ya gari lake, akisimama kidogo mbele ya mlango wa abiria, asijue kitasa chake kinafunguka vipi. Hakuwahi kukaa upande ule.

Mara ya kwanza Bi Mkubwa aliruka kama mbuzi, akazima. Stata ilikuwa imepata moto, ikamwasha. Mara ya pili akaruka, akazima. Mara ya tatu stata ikagoma, basi nikateremka na hendeli mimi, madole matano yamelala pamoja kama maiti, nikazungusha. Nimesuka vichwa maelfu, gari ilikuwa mara ya kwanza. Likawaka. Nilirudi kwenye kiti changu nikitamani mtu anipongeze, hakuna aliyejali.

"Nyamazeni wote," akasema Baba mdogo. "Mguu hausemi, basi asikilizwe Bi Mkubwa mwenyewe."

Akafumba macho. Akaachia klachi taratibu, paja linatetemeka, na mimi nyuma nikasikia nilichokuwa sijawahi kukisikia katika miaka yote niliyopanda gari lile: mngurumo wa injini ulishuka sauti kidogo tu, kama mtu aliyeguswa begani. Hapo hapo akaongeza mafuta. Tukaondoka. Laini kabisa, chai haikumwagika.

Kwenye kona ya kwanza Baba mdogo akapiga honi mara mbili, fupi fupi, akamtazama dada yake kwa jicho la pembeni.

Kituo cha mchana kilikuwa na zahanati. Muuguzi alivitoa vitana vyangu kwa dharau, akalifunga dole kwa plasta hadi kwenye kiwiko na kumning'inizia mkono shingoni kwa kitambaa cheupe. Shangazi alitaka kumweleza namna sahihi ya kushika hendeli. Muuguzi akamwambia, "Mama, naona," na Shangazi akanyoosha mkono afungwe, jambo ambalo nimelihifadhi kwa matumizi ya baadaye. Baba mdogo naye akafunguliwa mguu nyuma ya pazia, kidonda kikasafishwa. Alitoka akiwa na soksi mbili na pamba.

Siku ya nne ilikuwa yake. Alizima mara tatu asubuhi, mara moja mchana, jioni hata mara moja. Alianza kuimba. Shangazi alianza kufundisha, akaambiwa kwamba porojo zinamvunja moyo Bi Mkubwa.

Siku ya tano, zikiwa zimebaki kilomita sita, tukakuta kivuko cha reli kimefungwa. Barabara ilikuwa inapanda, na sisi tulisimama katikati ya mwinuko, magari mawili yamekwisha kuvuka, la Mwenyekiti liko mbele yetu na manane nyuma. Treni ilipita bila haraka yoyote, mabehewa ya saruji, nikayahesabu hadi nikapotea. Kizuizi kikanyanyuka. Baba mdogo akaachia breki ya mkono, Bi Mkubwa akarudi nyuma nusu hatua, nyuma wakapiga honi, akazima.

Akawasha, akajaribu, akazima. Treni ilikuwa imetuachia kengele inayolia kwa nguvu, ting ting ting, na injini haikusikika hata kidogo. Niliona kisogo chake kinalowa. Alikuwa anasikiliza kitu kisichosikika.

Mwenyekiti akashuka, akaja dirishani amekunja kamba begani. Ni mtu mwema, msimchukie.

"Tuwavute tu hadi juu," akasema kwa sauti ya chini. "Hatua ishirini. Hapa wote ni wa chama, hakuna atakayesema."

Nilimtazama Shangazi. Ahadi zote za Bi Mkubwa, za waoka mkate, za wateja wangu, za mtaa mzima, zilikuwa kwenye kamba ile. Naye, mwanamke ambaye ana maneno kwa kila jambo, aliukaza mdomo na kutazama reli. Alimwachia mdogo wake.

"Asante, Mwenyekiti," akasema Baba mdogo. "Rudisha kamba. Waambie walio nyuma wanipe nafasi." Kisha akasema, "Dada, lete mkono wako mzima."

Akauchukua mkono wa kushoto wa Shangazi, akaulaza kwenye shina la usukani, karibu na gia. "Umemwendesha miaka thelathini," akasema. "Ukimsikia anatetemeka hapo, nifinye."

Akawasha. Paja likaanza kupanda taratibu. Shangazi akafumba macho. Kengele ilipiga, na mimi nilikuwa nimeshika kiti kana kwamba ningeweza kusukuma. Shangazi akamfinya, na nadhani alimfinya zaidi ya ilivyohitajika. Mafuta. Breki. Bi Mkubwa akanyanyua pua, akapanda, akavuka reli moja, akavuka ya pili, na huko juu Baba mdogo akapiga honi ndefu ambayo haikuhusiana na kona yoyote.

Tuliingia getini mwa hospitali kwa moto wake Bi Mkubwa. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili na mshereheshaji alikuwa anataja magari. Walipolitaja la nne walipiga makofi, na mimi niliwapungia mkono ingawa sijui nilikuwa nimefanya nini.

Binti wa karakana akaja kwa haraka na ubao wake wa fomu, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Aliinama dirishani upande wa abiria. Akamwona mama mtu mzima, mkono umefungwa plasta hadi kiwiko na kuning'inizwa kwa kitambaa cheupe, uso umechoka kwa safari. Akaweka kiganja kifuani.

"Pole sana mama yangu, na asante kwa utumishi wako," akasema. "Majeruhi wa gari hili ndiye wewe? Ulijeruhiwa lini?"

Shangazi akafungua mdomo. Akaufunga. Nimemjua maisha yangu yote na sijawahi kumwona akiwa na jawabu mkononi akaliacha. Aligeuza uso akatazama mbele, kwenye kioo, na akasubiri. Injini ilikuwa bado inanguruma. Boneti ilikuwa pale mbele, na kabureta ndani yake, na ningeapa kwamba hata mimi nilisikia inaita.

Baba mdogo akazima gari.

"Huyo amepigwa teke na gari lake," akamwambia yule binti. "Majeruhi ni mimi."

Binti akainama zaidi kumtazama, macho yakaenda kwenye usukani, yakarudi kwake. "Lakini wewe si ndiye dereva?"

"Na dereva pia ni mimi. Lete hiyo karatasi."

Ikapita mbele ya Shangazi, aliyeipokea kwa mkono wake mzima na kuipitisha bila kuisoma. Baba mdogo akaiweka juu ya usukani, akaomba kalamu, na akaandika jina lake lote, lake na la baba yake na la babu yake, kwa herufi kubwa, bila haraka, huku magari manane nyuma yetu yakipiga honi tuyapishe.